Kutofautisha mgagani na ule wa maua ya njano: naombeni msaada wa haraka

Mkulima wa Bondeni: Wakuu, habari za saa hizi. Naomba kujua namna ya kutenganisha mgagani wa mboga (Cleome gynandra) na nduguye wa kando ya njia, Cleome viscosa. Majani yanafanana, yote yananata.

Kitalu: Angalia ua, mkuu. La viscosa ni la njano. La mgagani ni jeupe, pengine lenye wekundu wa mbali. Lisogeze karibu na jicho: petali (vijani vya rangi vya ua) nne zimebaki chini, kijiti cha zambarau kinapanda, na stameni (nyuzi za kiume zenye chavua) sita zinachomoza katikati ya kijiti hicho. Viscosa haina kijiti. Stameni zake kwa kawaida ni zaidi ya kumi, zote zinaanzia chini ya ovari (kifuko kinachokuwa ganda la mbegu).

Bibi Bustani: La muhimu ni kukata vichwa vya maua mapema, utachuma majani muda mrefu. Uchungu unautoa kwa kuchemsha, kumwaga maji, kisha maziwa.

Mkulima wa Bondeni: Asanteni, ila maua hayapo.

Kitalu: Hayapo kivipi? Mimea ina umri gani?

Mkulima wa Bondeni: Ilishakauka. Nina mbegu tu, za pande mbili za shamba, gunia moja. Mnunuzi anazitaka Jumamosi. Upande wa maua meupe ulikuwa mkubwa, kwa hiyo nyingi ni mgagani.

Shamba Darasa: Ndugu yangu, mbegu zote mbili ni za milimita 1 hadi 2, rangi ya giza, zina mikunjo. Hakuna ungo utakaozitenganisha, na kumuuzia mkulima mwenzio mbegu usizozijua si haki. Makapi yapo? Kikonyo cha ganda la mgagani kina makovu mawili, la petali na juu yake la stameni. Ganda la viscosa limekalia kovu moja, na lina vinyweleo vya kunata.

Mkulima wa Bondeni: Makapi nimechoma. Lakini mbegu ni nzima: nimevuna wiki iliyopita, nikamwaga kwenye trei, siku ya tatu zimeota zote. Nikimwambia zimechanganyika kidogo, kosa liko wapi?

Ndago: Habari hii naitilia shaka. Mbegu za mgagani zikitoka shambani hulala, huota chache mno. Ndiyo maana huwekwa miezi 3 hadi 6. Wiki moja halafu zote? Umeitunga.

Shamba Darasa: Hata mimi naona hivyo. Weka picha ya trei.

Mkulima wa Bondeni: Sijatunga. Za kwenye trei ni za msimu uliopita, zilikuwa koponi. Nilijua ni zilezile tu.

Kitalu: Basi trei haisemi lolote kuhusu gunia. Zihifadhi pakavu, kisha otesha kiasi kwenye tuta, udongo wa juu usizidi sentimita 1. Usiziache wazi, mwanga huzuia kuota. Maua yakianza, wiki ya 4 hadi ya 6, ng'oa kila mche wa njano kabla ganda halijapasuka. Uza mbegu za mavuno hayo.

Mkulima wa Bondeni: Ameshalipa nusu.

Bibi Bustani: Mrudishie, mwanangu.

Ndago: Picha bado tunaisubiri.