Modeli ya usafiri Dar: GEH iko safi, ila makadirio ya 2035 yananitia shaka

Mchora_Kanda:
Wakuu, heshima kwenu. Tuna modeli ya hatua nne ya Dar (idadi ya safari, zinakokwenda, chombo kinachotumika, kisha njia), mwaka wa msingi 2022. Matriksi ya safari, yaani jedwali la safari kutoka kanda hadi kanda, imerekebishwa kwa hesabu za magari, na sasa asilimia 88 ya vituo vya kuhesabia vina GEH (kipimo cha tofauti kati ya magari ya modeli na yaliyohesabiwa) chini ya 5, wakati mwongozo wa Waingereza unataka 85. Lakini kasi ya Mandela, Ubungo hadi Tazara, inatoka kubwa mno saa ya asubuhi, na abiria wa mwendokasi wanatoka pungufu. Ripoti inasema modeli imethibitishwa, na ndiyo ya kukadiria 2035. Nianzie wapi?

Foleni_Tazara:
Hiyo 88 imepimwa kwa vituo vilevile vilivyotumika kurekebisha matriksi?

Mchora_Kanda:
Ndiyo mkuu, vilevile.

Foleni_Tazara:
Basi hapo mwanafunzi kapewa majibu kabla ya mtihani. Endesha modeli kwa matriksi ya kabla ya marekebisho, ulinganishe na hesabu kwenye mstari wa kukatiza, yaani mstari unaokata jiji na kuhesabu kila anayeuvuka. Dar tuna Bonde la Msimbazi, sehemu kubwa za kuvuka ni chache: Tanzanite, Selander, Jangwani, Kigogo, Mandela pale Tabata. Jumlisha zote, kila upande peke yake. Jumla ikiwa sawa ila madaraja yamebadilishana magari, kosa liko kwenye ugawaji wa njia. Jumla yenyewe ikipotea, rudi kwenye idadi ya safari au mvutano wa kanda, yaani jinsi safari zinavyogawanywa kati ya kanda. Hesabu za siku Jangwani imefungwa kwa mafuriko zitupe.

Kisha rekebisha upya ukiwa umeficha robo ya vituo, upime kwa hivyo tu. Angalia pia wastani wa urefu wa safari kabla na baada: marekebisho ya aina hii hupenda kuzaa safari fupi kuziba mapengo. Na GEH ni ya saa moja. Modeli 2,900 dhidi ya 2,400 barabarani ni 9.7, ukiweka magari ya siku nzima kipimo kinapoteza maana.

Kuhusu Mandela, nahisi mmeacha fomula ya BPR, inayokadiria muda wa safari kadiri barabara inavyojaa, na namba zake za Kimarekani, 0.15 na 4. Barabara ikijaa hadi uwezo wake, fomula hiyo inaongeza muda asilimia 15 tu! Kwetu muda unaliwa kwenye makutano, trafiki anapoongoza kwa mkono, na malori ya bandarini yanachelewa kuondoka. Weka ucheleweshaji wa kila makutano, na upime muda halisi kwa gari kabla ya kugusa idadi ya magari.

Lojiti:
Mwendokasi: kagua kama njia yake imechorwa peke yake. Ikiwa imelazwa juu ya Morogoro Road, mabasi ya modeli yanakaa foleni na magari mengine. Halafu linganisha safari kwa safari. Aliyetoka Mbezi kwa basi la mlisho akabadilisha Kimara ni mipando miwili, safari moja.

Daladala nazo zina mitego. Asubuhi abiria wa Ukonga anapanda gari la kwenda Gongo la Mboto ili ageuze nalo, apate siti ya mjini. Anayehesabu kando ya barabara anaandika safari ya kutoka mjini ambayo haipo. Gari likikatisha ruti, abiria mmoja anakuwa wawili. Dodoso liulize alikoanzia na anakoishia, si kituo alichopandia.

Mwisho, chukua namba isiyobadilika ya mwendokasi kwenye lojiti (fomula inayokadiria abiria watachagua chombo gani), uigawe kwa namba ya muda wa kukaa ndani ya gari. −1.0 kwa −0.025 ni dakika 40 za adhabu zisizo na maelezo. Ukikuta kitu kama hicho, usiipeleke 2035.

Sensa_na_Ramani:
Wote mmesahau idadi ya watu, na hapo ndipo makadirio mengi hufia. Dar ilikuwa na watu 2,487,288 mwaka 2002 na 4,364,541 mwaka 2012. Ukiendeleza ukuaji ule, 2022 ungepata zaidi ya milioni 7.6. Sensa ikatoa 5,383,728. Hakuna lojiti itakayofuta kosa hilo. Pwani nayo, kwa miaka kumi hiyohiyo, ilitoka takriban milioni 1.1 hadi 2. Kama Kibaha na Mkuranga ni kanda za nje tu kwenye modeli yenu, zigawanye ziwe kanda ndogo za ndani.

Halafu irudishe modeli nyuma hadi 2015: ondoa Daraja la Kigamboni na mwendokasi, vyote vya 2016, weka watu wa wakati ule, usiguse namba nyingine. Ilinganishe na hesabu za zamani mlizonazo. Kwa 2035 toa angalau makadirio matatu ya watu, na kila moja uliendeshe hadi mwisho badala ya kuzidisha matokeo kwa asilimia.