Natengeneza shanga za kioo kwenye stoo ya uani: hewa chafu niitoe vipi?

BintiLikoni

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Swali langu ni refu kidogo, naomba mnivumilie.

Natengeneza shanga za kioo kwa mwali wa gesi. Kazi hii nilijifunzia Ujerumani, mji wa Lauscha, ambako kuyeyusha kioo mezani ni kazi ya kurithishana. Sasa nimerudi nyumbani Likoni na nataka iwe ndiyo riziki yangu. Vifaa ninavyo: kichomeo cha mezani cha gesi na oksijeni, mashine ya oksijeni ya lita 5 kwa dakika (kama zile za wagonjwa), mtungi wa gesi wa kilo 13, tanuri dogo la umeme la kupozea shanga taratibu, na vijiti vya kioo laini kutoka Murano. Kilichobaki ni hewa.

Chumba ni stoo ya uani, mita 3 kwa mita 3 na nusu, paa la mabati na siling bodi chini yake. Mlango ni mmoja, unafungukia uani, na ng'ambo ya ua ndiyo nyumba kubwa. Dirisha nalo ni moja, la luva, sentimita 60 kwa 60, lina wavu wa mbu. Linatazama kusini-mashariki, kwa hiyo msimu wa kusi upepo unaingia wote na mwali hautulii. Nikifunga luva, nikikaa kama nusu saa kichwa kinagonga na koo linawasha. Nimesimamisha kazi kwanza.

Fundi umeme wa mtaani anataka kutoboa ukuta aweke feni ya choo ya inchi 6. Shemeji anasema nifunge AC. Mwenye duka la vifaa vya jikoni ananionyesha kofia ya kutolea moshi wa mapishi. Pesa niliyo nayo inatosha kufanya jambo moja, na nataka nilifanye sawasawa. Isitoshe, nyumba kubwa kuna mtoto mwenye pumu, na sitaki kitakachotoka huku kimfikie yeye.

Abuu_Kisauni

Pole dada. Mimi ni mchomeleaji, naunga mageti. Sisi tunafungua mlango, tunavaa barakoa, na feni ya kusimama inapuliza kutoka nyuma. Jaribu hivyo kabla hujatumia pesa.

MzeeWaMaabara

Waleikum salaam binti yangu. Umefanya vyema kusimama. Usiwashe tena mpaka hewa iwe tayari.

Nimepuliza vioo vya maabara za kemia mpaka nikastaafu: mirija, kondensa, chupa za shingo tatu. Kichomeo nakijua. Abuu, nakushukuru kwa nia njema, lakini wewe unaungia uwanjani, yeye yumo chumbani. Barakoa ya vumbi haizuii gesi hata kidogo. Na feni ya kusimama inauyumbisha mwali, inaipiga shanga baridi ikapasuka, kisha ile hewa mbaya inaizungusha humo humo.

Binti, una matatizo mawili kwa pamoja. Kichwa kugonga, nashuku kaboni monoksaidi. Inazidi pale mwali unapokuwa wa njano, yaani oksijeni haitoshi. Koo kuwasha, nashuku naitrojeni dayoksaidi, na hii ndiyo watu wengi hawaijui. Haitoki kwenye kioo wala mtungini. Naitrojeni na oksijeni zilizomo kwenye hewa ya chumba huungana zikipita kwenye joto kali la mwali, kwa hiyo hata mwali safi wa buluu unaitengeneza. Ukiivuta kwa wingi, mapafu yanaweza kukuletea shida saa kadhaa baadaye, wakati umeshazima na kulala. Juu ya hapo ongeza mvuke wa metali ukichoma fedha au ukinyunyiza unga wa rangi.

AC ya ukutani inapoza hewa ile ile na kuirudisha. Haikusaidii.

Kofia ya jikoni ina kasoro nyingine: inaning'inia juu ya kichwa. Mwali uko chini, kofia iko juu, pua yako iko katikati, hivyo kila kinachopanda kinapita usoni kwako kabla ya kufika kwenye kofia. Wewe unahitaji sanduku. Liwe la bati, lililofungwa nyuma, kushoto, kulia na juu, limewekwa juu ya meza, kichomeo kimo ndani yake na mwali unaelekea nyuma. Mbele pawe wazi kiasi cha kupitisha mikono na kuona kazi. Bomba litoke juu, upande wa nyuma. Chini ya kichomeo tandika bodi ya simenti isiyoungua.

Anza na sanduku, feni baadaye, kwa sababu ukubwa wa ule mdomo wa mbele ndio unaokuambia feni gani ununue. Tuseme mdomo una upana wa sentimita 90 na kimo cha sentimita 60. Hiyo ni mita za mraba 0.54. Hewa inatakiwa iingie mdomoni kwa kasi ya nusu mita kwa sekunde hivi. Zidisha: mita za ujazo 0.27 kila sekunde, sawa na 972 kwa saa. Kama feni imeandikwa kwa futi za ujazo, tafuta 570 kwa dakika. Ile feni ya choo ya inchi 6 kwa kawaida haifiki hata nusu ya hapo.

Na hewa inayotoka lazima ipate nyingine ya kuingia badala yake. Feni kwenye chumba kilichofungwa ni sawa na kunyonya chupa uliyoiziba kwa ulimi. Dirisha lako la 60 kwa 60 lina mita za mraba 0.36, linatosha endapo luva zote ziko wazi. Ila wavu wa mbu unapunguza nafasi, na ukijaa vumbi unapunguza zaidi. Uoshe mara kwa mara.

Mtungi ukae nje, kivulini, umefungwa kwa mnyororo ukutani. Gesi hii ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni, na sanduku lako la juu haliioni kabisa, kwa hiyo acha upenyo chini ya mlango. Weka vizuia-moto, yaani valvu za kuzuia mwali usirudi nyuma, kwenye mipira yote miwili, wa gesi na wa oksijeni. Mashine ya oksijeni iweke mbali na sanduku ipate hewa safi, na usipake mafuta wala grisi kwenye kiungo chochote cha oksijeni.

FundiBati_Gerezani

Mzee, shikamoo. Dada, pole na kazi.

Mimi nakunja mabomba ya hewa hapa Gerezani, Dar. Hesabu ya mzee ni sahihi, naongeza ya bomba tu. Hewa hiyo ukiipitisha kwenye bomba la inchi 6, itakimbia karibu mita 15 kwa sekunde: kelele tupu, na feni ya kawaida haitaweza. Inchi 8 ni kama mita 8 na nusu. Inchi 10 ni 5 na nusu, na hiyo ndiyo ningekukunjia. Usikubali yale mabomba laini ya kukunjika yenye mikunjo ndani, yanakula nguvu ya feni. Taka bati laini la kuviringishwa. Huko kwenu chumvi ya bahari inakula bati, kwa hiyo omba geji 24. Geji 28 ni nyembamba, haitakaa.

Kona zipunguze. Ikibidi kugeuka nyuzi 90, mwambie fundi aweke mbili za 45.

Feni ikae mwisho wa bomba, huko nje au juu. Hapo bomba lote la ndani linanyonya, na kiungo kikivuja kinavuta hewa ya chumba. Feni ikikaa mwanzoni, kila tundu linatema ule uchafu chumbani au darini. Halafu namba iliyo kwenye boksi la feni imepimwa bila bomba. Ukitaka mita za ujazo 970 kwa saa kweli, chukua iliyoandikwa kama 1,400, tena ile ya kuunganishwa kwenye bomba. Feni ya panga za wazi ikikutana na bomba refu inazunguka tu.

BintiLikoni

Mzee, fundi, Mungu awalipe. Sasa nimeelewa kwa nini kichwa kilikuwa kinagonga.

Maswali mawili. Hilo dirisha ndilo kusi linapoingilia. Nikiliacha wazi, si mwali utachezacheza tena? Na bomba nilitoe ukuta upi? Ukuta wa dirisha ndio mwepesi kutoboa, ule wa mlango unatazama nyumba.

FundiBati_Gerezani

Usilitoe ukutani, dada. Ukuta wa dirisha, kusi litakurudishia kila kitu ndani. Ukuta wa mlango, kinamwendea mtoto. Ukitafuta ukuta wa tatu, likija kaskazi unaweza kupata shida ile ile. Pandisha juu, upite kwenye bati, uvuke kimo cha paa kabisa, upande ulio mbali na madirisha ya nyumba kubwa.

Na usiweke ile kofia ya pembe tatu ya kuzuia mvua, inarudisha hewa chini. Mwambie fundi avalishe juu ya bomba bomba lingine fupi, pana zaidi kwa inchi mbili hivi, limeshikwa kwa vipande vya bati, na upenyo uachwe kuzunguka pande zote. Hewa inapanda wima, mvua inateremkia kwenye ule upenyo na kumwagikia nje. Pale linapopita kwenye bati la paa, ziba vizuri kwa mkanda wa lami.

MzeeWaMaabara

Marahaba fundi. Sina la kuongeza hapo.

Binti, kuhusu dirisha: simamisha bodi ndani, hatua moja kutoka dirishani, pana kuliko dirisha lenyewe. Upepo utaigonga na kutawanyika, utaingia pembeni na chini ukiwa mpole. Kisha panga meza ili hewa ikujie ubavuni. Ikitoka mgongoni, mwili wako unaikata, inazunguka mbele ya kifua na kuuvuta moshi usoni. Hili watu hawalitilii maanani, lakini nimeliona kwa macho.

Na utaliona wewe mwenyewe kwa udi. Washa kijiti kimoja, washa feni, kaa unavyokaa kazini, upitishe udi kwenye mdomo wa sanduku: katikati, kisha pembe zote nne, kisha mbele ya kifua chako. Kila mahali moshi uingie ndani bila kusita. Ukisita kwenye pembe, punguza mdomo kwa kipande cha bati. Pima hivyo mlango ukiwa umefungwa na ukiwa wazi, na urudie kusi likiisha na kaskazi kuanza, kwa sababu chumba kitabadilika. Nunua pia king'ora cha kaboni monoksaidi ukiweke usawa wa kichwa ukiwa umekaa. Ila kumbuka hakiijui naitrojeni dayoksaidi, kwa hiyo kikinyamaza na koo linawasha, sikiliza koo.

Jambo lingine, shanga zilizopoa usizisafishe tundu zikiwa kavu. Ule udongo unaopaka kwenye chuma ili shanga isigande, vumbi lake ni baya kwa mapafu. Safisha ndani ya bakuli la maji.

BintiLikoni

Nimeandika yote. Mtungi tayari nimeuhamishia nje. Kesho naenda kwa fundi bati na vipimo vya 90 kwa 60. Moja tu limebaki: vijiti vyangu ni virefu, vitagonga ubavu wa sanduku. Naweza kukata tundu upande wa kushoto vipite?

MzeeWaMaabara

Kata. Tundu la sentimita 10 kwa 10 linaongeza mita za ujazo 18 tu kwa saa, feni ya 1,400 haitahisi. Liwe chini, usawa wa mkono, na kingo zake fundi azikunje ndani zisikukate.