Sifuri kwa jibu sahihi! Anemoni si mmea, tena hakai Ziwa Kivu

Wandugu wa Bukavu, munisamehe, leo nimekasirika kweli. Mdogo wangu, mwaka wa tatu humanite (sekondari), biyoshimi (biolojia na kemia), amerudi na interogasyo, yaani jaribio la darasani: sifuri kwa swali la anemoni. Aliandika "mnyama wa baharini". Mwalimu kakata kwa wino mwekundu, pembeni kaandika "MMEA". Na noti tulizolipia fotokopi zinasema ni "ua la majini, hupatikana hata Kivu".

Kivu gani? Maji yetu hayana chumvi, hayapwi wala hayajai. Tangu utoto nakula sambaza za ziwa hili, ua hilo sijaliona. Picha iliyo kwenye noti ni ya aina moja ya anemoni, Anthopleura elegantissima. Huyo anakaa miamba ya Pasifiki, toka Alaska mpaka Baja California. Hata tukishuka Muanda kwenye bahari yetu hatumkuti.

Mmea gani una mdomo? Huyu anao, tena mmoja: chakula kinaingia hapo, mabaki yanatokea hapohapo. Minyiri yake inachoma, kaa mdogo akigusa amekwisha. Ndiyo, ndani ya nyama yake mnakaa vimwani vinavyomlisha kwa mwanga wa jua. Basi? Mimi nikipanda sombe uani, nimegeuka sombe?

Maji yakipwa anajikunja, amejibandika mchanga na vipande vya makombe asikauke. Ukipita juu yake utadhani ni changarawe imelowa.

Lakini kitamu ndicho hawakukiandika kabisa! Anajivuta huku na huku mpaka anapasuka katikati, wanakuwa wawili, wawili wanapasuka tena, mpaka mwamba mzima umejaa nakala za yule mmoja. Wakikutana na kundi la ukoo mwingine, vita. Vifuko vyeupe chini ya minyiri vinavimba, anamwinamia jirani, anamgandisha vipande vya ngozi vyenye sumu, nyama ya mwenzake inaungua. Kati ya makundi unabaki uchochoro wa jiwe tupu. Mwanabiolojia Lisbeth Francis aliyaandika hayo mwaka 1973. Mtaani kwetu Kadutu tunagombea parseli za ardhi, lakini hatujafika huko.

Nilienda kwa prefe, mkuu wa shule. Akanijibu, bila hata kuangalia karatasi: "Mwalimu ndiye anasahihisha."

Jumatatu narudi. Mwenye mtoto anayetumia noti hizo apige picha ukurasa wa anemoni, auweke hapa. Sitaki kwenda peke yangu.