Filamu ya nyuki wauaji: tuionyeshe ukumbini au tuiache?

Katibu wa Kikundi, Kaloleni
Wenzangu, hamjambo. Kikundi chetu huonyesha filamu moja kila mwisho wa mwezi katika ukumbi wa mtaa, na safari hii wanachama wamependekeza filamu ya Kimarekani ya mwaka 1978 iitwayo The Swarm, ambamo mabumba ya nyuki wenye asili ya Afrika yanavamia Texas. Nimeitazama hadi mwisho na sijafikia uamuzi, kwa sababu nilicheka mahali ambapo bila shaka nilitakiwa kuogopa. Naomba walioitazama wanieleze inafaulu wapi na inaharibikia wapi, maana watazamaji wetu hawana subira na sinema inayojikokota.

Mpenzi wa Sinema za Zamani
Ndugu Katibu, inajikokota kweli. Mwongozaji wake, Irwin Allen, aliwakusanya waigizaji wakubwa kama Michael Caine, Henry Fonda na Olivia de Havilland, kisha akawapa maneno ambayo hata mwanafunzi wa kidato cha pili angeona haya kuyatamka. Tunafuatilia kwa muda mrefu habari za wazee wawili wanaomposa mama mmoja, halafu nyuki wanaivamia treni waliyopanda, inapinduka, wote watatu wanakufa, na posa yenyewe haina kazi tena katika hadithi. Aliyeumwa na nyuki naye anaanza kuona nyuki mkubwa kupita mtu akielea mbele yake. Hapo ukumbi wenu utaangua kicheko, jiandaeni.

Hata hivyo nisiidhulumu. Nyuki wanaoonekana wakiwatambaa watu nyusoni na mikononi katika sehemu nyingi ni nyuki halisi, na macho huutambua ukweli huo haraka kuliko akili. Muziki wa Jerry Goldsmith nao unatisha kuliko maneno yote ya wanajeshi na wanasayansi wanaogombana humo. Iliteuliwa hata kuwania Oscar, ingawa ni kwa ajili ya mavazi!

Mrina Asali, Kasarani
Mimi ni mzaliwa wa Kitui, na nyuki anayeitwa muuaji katika filamu hiyo ni wa jamii ileile inayokaa katika mizinga ya magogo tunayotundika kwenye migunga. Mwaka 1956 mtaalamu Warwick Kerr aliwapeleka malkia wa Kiafrika Brazili ili kupata nyuki wanaostahimili joto na kutoa asali zaidi, na mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka, yakachanganyika na nyuki wa huko na kuenea kuelekea kaskazini. Walifika Texas kweli mwaka 1990, miaka 12 baada ya filamu, wala hawakulipua mtambo wa nyuklia kama wanavyofanya humo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba waandishi walikuwa na hofu ya kweli mikononi wakaiacha. Sumu ya nyuki huyu si kali kuliko ya nyuki wa Ulaya. Hatari yake ni kwamba hutoka wengi kwa pamoja na kumfukuza mtu mbali sana. Mwiba unaobaki katika ngozi hutoa harufu inayokaribia ya ndizi mbivu, na harufu hiyo ndiyo inayowaelekeza wenzake mahali pa kushambulia. Fikirieni mtu aliyejificha chumbani, mwiba mmoja tu shingoni, asijue kwamba yeye mwenyewe ndiye anayewaita. Hilo lingetisha bila kuangusha treni hata moja.

Na msiondoke kabla ya maandishi ya mwisho, yanayowahakikishia watazamaji kwamba nyuki hawa wa Afrika hawana uhusiano wowote na nyuki mchapakazi wa Marekani, ambaye naye, tusisahau, aliletwa na walowezi kutoka Ulaya.

Msomaji wa Ngara
Mzee wangu Mrina Asali, ukweli wa elimu ya nyuki hauijazi sinema watu. Upuuzi wa filamu hii ndio nguvu yake, mradi itazamwe na kundi la watu na si mtu peke yake sebuleni. Hata ule mwisho, ambapo nyuki wanavutwa kwa sauti hadi baharini kisha mafuta yanawashwa moto, una mvuto wake, hasa kwetu tunaojua kwamba kule Sagalla, karibu na Tsavo, wakulima huwazuia ndovu kwa ua wa mizinga, kwa kuwa ndovu wakisikia mvumo wa nyuki hukimbia.

Katibu wa Kikundi, Kaloleni
Nawashukuru. Tutaionyesha, na nitamwomba Mzee Mrina Asali, akiridhia, aje azungumze nasi kidogo baadaye. Nimeona kuna matoleo mawili, tuchukue lipi?

Mpenzi wa Sinema za Zamani
Lile fupi lililoonyeshwa kwenye majumba ya sinema, la dakika 116. Lile refu lina dakika 156, na nyongeza yake kubwa ni mazungumzo.