MREJESHO: Mashine ya boti ya farasi 40 iliyokuwa ikikata nguvu baharini
Wakuu, niliuliza kwa nini mashine yangu ya zamani inakata nguvu kila nikivuta mafuta hadi mwisho, mpaka mtu abanebane ile pampu ya mpira ya mkono iliyo kwenye mpira wa mafuta ndipo inarudi. Tundu la hewa kwenye kifuniko cha tanki lilikuwa wazi. Kabureta nilishaisafisha mara mbili, bure.

Aliyesema nifunge kipande cha mpira unaoonyesha ndani, karibu na mashine, Mungu ambariki. Nikaona mapovu yakipita na petroli! Hewa ilikuwa inaingia kwenye kiungio cha mpira wa mafuta. Oringi yake (kile kipete cha mpira cha kuziba) imekauka, imepasuka. Nimebadilisha kiungio, mpira wote na vibano. Jana tumetoka Kilindoni hadi kisiwa cha Jibondo, huku Mafia, bila kugusa pampu. Vijana wangu walishaanza kuogopa kwenda mbali. Ahsanteni sana.