Naombeni ushauri: difu ya nyuma inalia nikiachia mafuta

Mwendo wa Pole: Wakuu, salaam. Gari langu limeanza kutoa mlio mwembamba upande wa nyuma, na husikika zaidi likiwa katika mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa. Nikikanyaga mafuta mlio unafifia, nikiachia unarudi kwa nguvu. Oili ya difu, lile boksi la gia linalogawia magurudumu ya nyuma nguvu, ipo ya kutosha, na ni ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Sijafungua chochote. Ninachotaka kujua ni kimoja tu: je, difu iliyotolewa kwenye gari jingine inaweza kudumu, au nitakuwa nimenunua kelele za mtu mwingine?

Tairi Bapa: Kabla ya difu, tazama tairi. Tairi lililolika kwa mabonde huvuma kiasi cha kumchanganya hata fundi mzoefu. Shemeji yangu alishusha difu nzima, na mlio ukabaki palepale. Hamishia za nyuma mbele. Mlio ukihama nazo, umepona.

Bibi Spana: Watu wengi hukumbuka kwamba difu ina oili siku inapoanza kulia. Injini hubadilishiwa oili kila mara, ila difu huachwa na oili iliyokuja nayo, ikawa nyeusi na nyepesi, kisha lawama zote zinamwangukia fundi.

Redio Juu: Dawa yake ninayo: ongeza sauti ya redio.

Grisi Mkononi: Tuache utani. Mlio wa tairi hubadilika barabara inapobadilika, kutoka lami laini kwenda lami chakavu, lakini haujali kama umekanyaga mafuta au umeachia. Beringi ya gurudumu huvuma mfululizo, na mara nyingi huongezeka au hupungua gari linapokata kona, uzito unapohamia upande mmoja. Kugonga mara moja unapoondoka huelekea zaidi kwenye misalaba (viungo) ya propela, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, au nafasi iliyozidi kati ya meno ya gia. Mlio unaokuja unapoachia mafuta hunifanya nitilie shaka beringi za pinioni, yaani ile gia ndogo inayopokea nguvu kutoka kwenye propela. Sasa nijibu kwa uwazi: kabla ya mlio kuanza, kuna kazi yoyote iliyofanyika huko nyuma, hata ndogo?

Mwendo wa Pole: Kazi kubwa hakuna. Palikuwa na uvujaji pale propela inapoungana na difu, fundi akabadilisha sili, ile pete inayozuia oili isivuje. Sikuihesabu kuwa ni kufungua difu, kwa sababu mfuniko wa nyuma haukuguswa. Mlio ulianza baada ya hapo, ni kweli, lakini fundi huyo ninamwamini, na nati aliikaza mpaka ikagoma.

Grisi Mkononi: Hapo ndipo penye jambo lako. Ili kufika kwenye sili hiyo ni lazima nati ya pinioni ifunguliwe, na nati hiyo ndiyo inayopanga mkazo wa beringi zote mbili za pinioni. Katika difu nyingi, katikati ya beringi hizo kuna bushi nyembamba inayobonyezwa ikapata kipimo mara moja tu. Nati ikikazwa kupita alama yake ya awali, beringi hubanwa mno na kupata moto. Ikiachwa imelegea, pinioni hucheza na meno hayakutani yanavyotakiwa. Fungua propela, kamata flenji ya difu, ile sahani propela inapofungwa, uitikise juu na chini: haitakiwi kucheza hata kidogo. Kisha mwaga oili utazame sumaku ya boliti ya kumwagia. Tope laini la kijivu ni la kawaida. Vipande vya chuma si vya kawaida.

Mwendo wa Pole: Nakuelewa mkuu, ila nimekwisha kutoa malipo ya awali kwa difu nyingine. Beringi na bushi mpya, pamoja na kazi ya kupima, ni usumbufu ambao sina muda nao. Nikifunga difu nzima, mambo yamekwisha.

Jicho la Tatu: Mimi naona hadithi hii imetungwa. Kwanza hakufungua chochote, baadaye sili ilibadilishwa, na sasa difu imekwisha kulipiwa. Kesho atajitokeza mtu mwenye difu za kuuza.

Tairi Bapa: Nami nilishangaa. Mtu mwenye shida husema yote tangu mwanzo.

Bibi Spana: Hapana, mwenye shida ndiye anayeficha, hasa anapokuwa amekwisha kuamua. Mtunzi wa uongo angeanza na sili, maana ndiyo inayonogesha kisa.

Mwendo wa Pole: Siuzi chochote. Swali langu lilikuwa la difu iliyotumika, ndiyo maana sikutaja sili.

Grisi Mkononi: Iwe kweli au kisa cha kutunga, mlio wa namna hii upo, na wengine watausoma uzi huu. Je, gari lako linavuta magurudumu manne?

Mwendo wa Pole: Ndiyo.

Grisi Mkononi: Basi usilipe kilichobaki kabla ya kuhesabu uwiano wa gia, yaani propela huzunguka mara ngapi magurudumu yakizunguka mara moja. Difu ya nyuma ikitofautiana na ya mbele, siku utakapounganisha magurudumu manne, mitambo itashindana yenyewe kwa yenyewe. Inua gurudumu moja la nyuma, gia ikiwa huru na hendibreki imeachiwa, uyawekee vigingi magurudumu mengine. Zungusha lile lililoinuliwa mizunguko miwili kamili, uhesabu propela imezunguka mara ngapi. Njia hii ni ya difu ya kawaida, isiyo na kifaa cha kuzuia gurudumu kuteleza.

Mwendo wa Pole: Nimehesabu, propela inazunguka mara nne na kidogo. Ya muuzaji haijahesabiwa. Anasema haifunguliwi mpaka nimalize malipo.

Grisi Mkononi: Hakuna haja ya kuifungua. Kama bado ina ekseli zake, mwambie ashike upande mmoja usizunguke, wewe zungusha wa pili mara mbili huku ukitazama alama ya chaki kwenye flenji ya mbele. Akikataa hilo nalo, dai malipo yako ya awali, ukanunue bushi na beringi.