Arusha: mafundi mnaopiga skrubu kwenye kava za milango, na nyie wauza spea, nimewachoka

Wakuu salaam. Nina hasira na uzi ni mrefu, mnivumilie.

Gari ni Toyota Vitz old model, ile ya kabla ya 2005. Injini haina neno, bushi nimebadilisha, breki ziko sawa. Ubovu uko ndani: kitasa cha ndani cha mlango wa dereva kilikatika, kava za milango zimelegea, plastiki ya nguzo ya paa upande wa abiria inacheza, silingi imeanza kushuka. Ni mambo ya umri hayo. Gari limetumika Japani, likaja huku likapigwa jua na vumbi, hapo sina wa kumlaumu. Ninaowalaumu ni wanaolipwa kulitengeneza.

Nililipeleka gereji moja barabara ya Njiro, kubadilisha kitasa tu. Jioni nafuata gari: kitasa kinafungua, ila kava la mlango limepigwa skrubu za mbao kutokea mbele, vichwa vinang'aa kila unapofungua mlango. Hizi za nini? "Bosi, klipu zilikuwa zimeoza, nimekukazia." Klipu ni vile vibanio vya plastiki vinavyoshika kava kwenye bati. Zimeoza wapi! Alichomeka bisibisi bapa akakamua mpaka zikakatika, na mikwaruzo ya hiyo bisibisi iko kwenye rangi ya mlango mpaka leo. Halafu anadai hela ya ufundi, na ya skrubu juu yake.

Hilo ningelimeza. Masika yalipoingia nikaanza kukuta kapeti la upande wa dereva limelowa na gari linanuka uvundo. Nikafungua kava mwenyewe. Nailoni hakuna.

Kwa wasiojua: mvua ikinyesha, maji huteremka na kioo mpaka ndani ya mlango. Ndivyo mlango ulivyoundwa, na chini kuna vitundu vya kuyatolea nje. Kinachoyazuia yasije upande wako ni ile nailoni iliyobandikwa kwenye bati kwa gundi nyeusi inayonata kama ulimbo. Ukiirarua, maji yanalowesha kava, yale makava yenye ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa ndani yanavimba na kujikunja, na yakishajikunja hayakai tena hata uyafunge kwa kamba. Huyu bwana aliirarua akaitupa, kwa sababu ilimzuia kufikia waya wa kitasa. Nimempigia, ananiambia "ile karatasi ya Wajapani haina kazi huku kwetu". Huku kwetu! Arusha! Aprili! Nilikata simu nisije nikatukana mtoto wa mtu.

Sasa wauza spea, maana kitasa nilikitafuta mwenyewe kabla ya kwenda gereji. Duka moja mjini, silitaji. Nimeenda na kitasa kilichokatika mkononi, nimesema Vitz old model, mlango wa dereva. Muuzaji anatafuna muwa, hakitazami, anatoa cha kwenye mfuko: "Orijino hiki, 25,000." Namwambia nipe namba ya spea nilinganishe. Anacheka, anamwambia mwenzake, "Mwalimu huyu." Mimi si mwalimu, na hata ningekuwa, kosa liko wapi? Kwenye karatasi aliyoniandikia, maana risiti ya EFD "mashine ina shida", kaandika kwa mkono wake "kitasa Vitz dereva". Nyumbani natoa kwenye mfuko, ni cha kushoto. Narudi nacho hakijaguswa, naonyeshwa kibao ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Wakuu, kibao hakiishindi sheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iko wazi kwamba kitu kikiuzwa kwa maelezo, lazima kilingane na maelezo hayo. Umeandika dereva, umenipa abiria, rudisha hela au toa cha dereva. Nilimweleza kwa upole kabisa. Akaniambia niende huko kwenye sheria nikanunue kitasa.

Na hiyo namba waliyonichekea ingetuokoa wote. Kwenye spea za Toyota, tarakimu tano za mwanzo zinataja ni kitu gani. Kitasa cha ndani cha mlango wa mbele kulia kinaanza na 69205, cha kushoto 69206. Kava la ndani la mlango wa mbele kulia 67610, kushoto 67620. Klipu nyingi huanza na 90467. Zinazofuata zinatenganisha aina ya gari, na kwa vitu vya ndani vile viwili vya mwisho mara nyingi ni rangi. Rangi yenyewe ya ndani imeandikwa kwenye kile kibati cha gari chenye chesisi namba, palipoandikwa COLOR na TRIM. Ukiwa na chesisi namba unaipata spea kamili kwenye katalogi, simu tu inatosha. Mtu anauza spea za Toyota mwaka wa ngapi sijui, na 69205 ni kitendawili kwake. Dar nilimtumia muuzaji chesisi namba na picha, kitasa kikapanda basi, kikaingia bila kuchongwa. Mpaka spea itoke Dar, na mji umejaa maduka?

Kazi nimeimaliza mwenyewe, na ndipo hasira ilipoongezeka, kwa sababu si kazi ya kumshinda fundi. Kuna skrubu nyuma ya kitasa na nyingine penye kishikio cha kuvutia mlango, zimefunikwa na vifuniko vidogo. Switchi ya vioo unainyanyua, unachomoa soketi yake, unabonyeza ule ulimi kwanza, huvuti waya. Kisha unaanzia chini ya kava, unaingiza kitu cha plastiki au mti karibu kabisa na klipu, si katikati ya kava, unaachia moja baada ya nyingine. Zikiisha, hulivuti kuja kwako, unalinyanyua juu litoke penye kioo. Mimi nilichonga mwiko wa zamani ukawa bapa, nikauvisha selotepu ya karatasi (mama watoto ameshanidai mwiko mpya). Fanya mchana gari likiwa limepata jua. Asubuhi za Julai hapa Arusha plastiki ni kavu, ukiigusa inapasuka.

Nailoni mpya nimekata ile nzito ya ujenzi kwa kufuata umbo la mlango, na ile gundi nyeusi haikauki, unaipasha moto kidogo inashika tena. Sehemu ya chini ya nailoni lazima iingie ndani ya mlango, ili maji yadondokee mle na si kwenye kapeti.

Klipu ni balaa jingine. Zile za boksi la mchanganyiko ni za kubahatisha: shingo fupi, kichwa kikubwa, au laini kiasi kwamba barabara ya Muriet kwenda na kurudi kava limeshachomoka. Nenda na klipu yako nzima moja, linganisha urefu wa shingo na upana wa pale inapobana kwenye tundu la bati. Muuzaji akikuambia "zote ni sawa", ondoka dukani.

Na hii supagluu! Nyuma ya plastiki za gari kuna maandishi madogo ya kutaja aina ya plastiki, >PP< au >ABS<. ABS inashika gundi vizuri, hata asetoni inaiyeyusha ikaungana. PP haishiki supagluu, utaipaka leo na wiki ijayo imeachia, ni mpaka uichomelee kwa pasi ya solda. Fundi wangu aliipaka PP supagluu mpaka ikatiririka kwenye kitambaa cha siti. Maandishi yako palepale alipokuwa anapaka.

Silingi siielezi, sponji yake ikishakuwa unga hakuna ujanja, inashushwa yote. Atakayekuja na stepla nitamfukuza.

Nguzo nimeiacha mwisho kwa sababu ndipo nilipoogopa. Gari lenye maandishi ya SRS AIRBAG kwenye plastiki ya nguzo lina mfuko wa hewa hapo. Unachomoa waya hasi wa betri na kusubiri zaidi ya sekunde 90 kabla ya kugusa chochote. Langu halina, nilikagua. Lakini nimeona kwa macho yangu Toyota IST ya mtu, ina maandishi hayo, imepigwa skrubu ndefu papo hapo. Siku mfuko ukifumuka, ile skrubu itaelekea wapi? Mwenye IST hana habari, yeye alifurahi kelele zimeisha.

Kwa hiyo mwenye kumjua fundi Arusha au Moshi anayefungua mlango bila bisibisi bapa, aweke mtaa hapa. Na natafuta kava la mlango wa nyuma kushoto, Vitz old model, rangi ya kijivu, lisilotobolewa. Picha za upande wa mbele msinitumie, kila muuzaji anazo. Piga upande wa nyuma, nione vishikio vya klipu na namba.